Mshairi wa Wasio na Mtu: Miaka Thelathini na Saba ya Wietske Oldenhuis

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa kumi alasiri, Wietske Oldenhuis atateremsha pazia la dirisha la ofisi yetu ya makaburi ya Bremakker kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameutumikia mji wa Harkelo kwa miaka thelathini na saba, mwezi mmoja na siku kumi na saba. Hesabu ni yake mwenyewe, na yeyote aliyefanya kazi naye anajua kwamba si busara kuihakiki.

Mkuu wa idara ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu. Jina langu ni Berend Kamphuis, mchimba makaburi. Nilimweleza kwamba kalamu yangu mimi ni koleo. Akanijibu, "Basi chimba." Haya, nachimba.

Wietske alizaliwa mwaka 1957, binti wa mtengeneza jibini, katika kijiji ambacho Jumapili hata kuku walitakiwa kunyamaza. Alikuja mjini kusomea ualimu, akauacha, akajiunga na wanawake saba waliokuwa na mtambo wa kuchapia vitabu kwenye dari ya duka la mikate. Hapo ndipo kilipochapwa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, *Mikono Isiyo na Pete*, mwaka 1985. Nakala ninayo. Ukiifungua bado inanukia unga.

Mashairi yale yalihusu wanawake waliofua mashati ya wanaume wasiojua rangi ya macho yao, na wanawake waliopendana na kufunga mapazia. Siku hizi yanasomwa shuleni. Siku zile ilikuwa habari nyingine. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wietske alicheza kwao akatupiwa samaki. Ilikuwa sokoni, mwaka 1986, amesimama juu ya kreti anasoma, na muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Rudi jikoni, msagaji we!" Wietske hakuinua hata macho. "Jikoni ndiko nilikotoka," akasema. "Mkeo alikuwepo, anakusalimu." Ndipo samaki aliporuka, yule mbichi wa chumvi tunayemla kwa vitunguu. Wietske alimwokota, akampangusa kwenye koti, akamshika mkia akamla mbele ya soko zima, kisha akaendelea pale alipoishia.

Nilipoanza kuandika nilimuuliza jambo hilo la mapenzi nilitajeje kwa adabu, maana jarida hili linasomwa hadi ofisi ya meya. Alinitazama juu ya miwani. "Andika msagaji," alisema. "Nimetukanwa kwa neno hilo miaka arobaini, sasa ni langu. Ukiandika 'rafiki wa karibu', Berend, nitakuzika mwenyewe." Basi nimeandika.

Aliajiriwa Bremakker tarehe 11 Mei 1987 kuwa karani. Mkuu wa wakati huo alitaka kujua kama atakuwa anaandika mashairi kazini. Wietske alimjibu kwamba saa za kazi ataandika wanachotaka wao, na saa za chakula ataandika anachotaka yeye. Ahadi hiyo aliitimiza. Saa za kazi alipanga upya rejista zetu zote. Saa za chakula, mkate mkononi, aliandika vitabu vingine vitano, na katikati akapata miaka kumi na moja ya kupekua madaftari ya zamani, ambamo wanawake maskini walizikwa wakiwa "mke wa fulani" tu, bila jina. Aliwatafutia majina elfu moja mia nne na sita. Ukimsifu kwa hilo anakukumbusha kwamba wapo thelathini na wanane aliowakosa.

Sasa nifike penye kaburi la Aleid, maana bila Aleid wasifu huu hauna miguu.

Aleid Roskam alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kanisa kubwa, na sijawahi kumwona amevaa kitu kingine zaidi ya koti la karakana na suruali ya bluu yenye mafuta magotini. Walikutana mwaka 1988, Wietske alipompelekea baiskeli iliyokatika mnyororo. Inasemekana mnyororo ule ulikatika mara nne mwaka ule. Wakahamia nyumba moja, wakawa kama chanda na pete, ingawa pete zenyewe hawakuwa nazo. Sheria ya kuwaruhusu kuoana ilikuja mwaka 2001, na Aleid alikuwa amekwisha kufa kwa saratani ya matiti Machi 1994, akiwa na miaka thelathini na saba. Wietske alimuuguza nyumbani kwa mikono yake tangu vuli hadi siku ya mwisho.

Siku iliyofuata wazazi wa Aleid walivuka mto na kuuchukua mwili. Walikuwa watu wa kanisa kali, lile la nguo nyeusi, na kijijini kwao hawakutaka azikwe, kwa hiyo walimleta kwetu. Kwenye tangazo la kifo gazetini waliorodheshwa baba, mama, kaka, wifi na watoto wa kaka. Wietske hakuwemo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa mmoja wa wachukuzi wa jeneza. Nilimwona ameketishwa kiti cha mwisho kabisa, karibu na vyango vya makoti, na nilimsikia mchungaji akimshukuru "mpangaji aliyemsaidia marehemu wakati wa ugonjwa". Sote wa Bremakker tulijua Wietske ni nani kwa Aleid. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikiwemo. Jambo hilo bado linaniuma.

Jumatatu yake Wietske alirudi kazini. Karani alikuwa yeye, kwa hiyo hati ya kaburi aliichapa yeye. Penye "mwenye haki ya kaburi" alichapa jina la kaka, Evert Roskam. Hakukosea herufi hata moja.

Novemba ya mwaka uleule alikufa bibi mmoja wa ghorofa za stesheni ambaye hakuwa na ndugu wala jirani wa kumlilia. Watu kama hao huzikwa na mji. Wakati ule ilikuwa ni wachukuzi wanne, afisa mmoja wa kusoma jina, basi. Mazishi ya bibi yule yalichukua dakika sita. Nilikuwa nimeshika kamba ya kushushia jeneza. Wietske alikuwa amekuja na faili. Afisa alipogeuka aondoke, Wietske akasema, "Ngoja kidogo, hatujamaliza." Akatoa karatasi akasoma mistari minane kuhusu koti la kijani na tikiti ya treni ya kwenda baharini iliyokutwa mfukoni, ambayo haikuwahi kutumika. Tulisimama tu pale kwenye mvua. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye mikono kama beleshi, alilia hadi akaazima leso.

Tangu siku hiyo hakuna maiti wa mji aliyeshushwa Bremakker bila shairi la Wietske Oldenhuis. Saa tatu asubuhi, wachukuzi wanne, afisa mmoja, mistari minane. Mwaka 1996 baraza la mji liliifanya kuwa desturi rasmi, na kifungu chake katika kanuni za mazishi alikitunga yeye. Miji mingine nayo ina desturi kama hii, lakini sharti la Wietske sijalisikia kwingine: shairi lisiseme jambo lisilojulikana. Kama kilichojulikana ni soksi tu, basi soksi. Alikuwa akipanda ngazi za maghorofa kuuliza majirani mtu huyu alikunywaje chai yake. Kufikia Aprili mwaka huu alikuwa ameandika mashairi mia mbili na kumi na mawili. Kwa Aleid hakuwa ameandika hata moja. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema kaburi lile halikuwa lake kusomea.

Kitabu chake *Chumba cha Mpangaji* kilipopata tuzo kubwa ya nchi, alipanda jukwaani amevaa koti la karakana la Aleid. Gazeti moja liliandika kwamba mshairi hakujiandaa.

Kwa vijana mlioanza juzi: kaburi hapa kwetu ni la muda. Miaka thelathini ikifika, mwenye haki huongeza muda au huliachia. Akiliachia, jiwe husagwa, na mifupa huenda kwenye shimo la pamoja kule nyuma ya ua. Nimefukua mamia na sikupoteza usingizi. Mwaka mmoja kabla, karani huchomeka kadi ya njano penye kaburi na kumwandikia mwenye haki barua. Machi 2023 Wietske aliichomeka kadi ya njano kwenye kaburi la Aleid kwa mkono wake. Alimwandikia Evert Roskam barua tatu, na katika kila barua aliomba jambo moja tu: haki ya kaburi ihamishiwe jina lake. Mwaka mzima hakupata jibu. Kila asubuhi alifika kazini kwa kupita njia ya mzunguko, ile inayopita penye kaburi hilo, na sisi tulijifanya hatuoni.

Aprili mwaka huu Evert alikuja mwenyewe. Mzee wa miaka themanini na moja, kofia mkononi. Nilikuwa ofisini nakunywa kahawa, na Ilham Bouzidi, anayerithi kiti cha Wietske, alikuwa kwenye meza ya pili. Mzee alisimama dirishani akamtazama.

"Kumbe bado upo hapa," alisema.

"Bado nipo, Bwana Roskam. Umekuja kwa habari ya kaburi la dada yako."

"Barua zako nimezisoma. Jibu ni hapana. Lifukueni, alale na wengine. Mama yetu alikufa bila kukanyaga pale, na mimi sitaki jina letu liwekwe pamoja na lako."

Mtu akiliachia kaburi, fomu ina swali moja la mwisho, nalo lazima aulizwe kwa mdomo. Wietske alilisoma kama anavyomsomea kila mtu. "Je, kuna mtu mwingine yeyote anayehusika na marehemu?"

"Hakuna."

"Nakuuliza mara ya pili, fomu inataka hivyo. Je, kuna mtu mwingine yeyote anayehusika na marehemu?"

Mzee alimtazama usoni. Kofia alikuwa ameiviringa mikononi hadi imepoteza umbo. Sikumpenda, lakini hilo nililiona. "Hakuwa na mtu," alisema. "Andika hivyo."

Wietske aliandika, Hakuna. Akageuza fomu, akamwonyesha pa kutia sahihi, akamtakia safari njema.

Mlango ulipofungwa nilimjia juu Wietske. "Ungeandika jina lako! Nani angejua? Mzee mwenyewe haoni vizuri!"

"Fomu ni ya maneno yake, Berend, si ya kwangu." Akachukua koti akaondoka. Hakuonekana kazini kwa siku nne. Katika miaka thelathini na saba hakuwahi kuugua hata siku moja, kwa hiyo tulijua si mafua. Nilipita kwake nikagonga, nikaacha supu ya njegere mlangoni. Kesho yake sufuria ilikuwa palepale.

Siku ya tano Ilham aliniita. Ilham ni mtu wa kusoma kanuni kuanzia ukurasa wa kwanza, ugonjwa ambao kwetu sisi uliisha zamani. "Kaka Berend, hebu njoo usome hiki kitu, au mimi ndio sijui kusoma." Kilikuwa kifungu cha kumi na nne. Kinasema kwamba marehemu ambaye imeandikwa na kutiwa sahihi kuwa hana mtu anayehusika naye, huyo ni wa mji, na mji utamlaza katika kaburi la mji kwa heshima zote za desturi. Hakisemi amekufa lini. Hakisemi kama ni mwili au ni mifupa. Nikamtazama Ilham, naye akanitazama, na fomu ya Evert Roskam ilikuwa kwenye trei mbele yetu.

"Nani alikiandika hiki?" akauliza.

"Mwenyewe," nikasema.

Alikiandika kwa ajili ya mabibi wa ghorofa za stesheni, na kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kukifikiria kwa ajili yake. Mkuu wa idara alikisoma mara mbili, akatia sahihi bila kukaa. Nilikwenda nyumbani kwa Wietske safari hii nikagonga mpaka akafungua. Nilimwambia kwamba Jumanne tarehe 21 Mei, saa tatu asubuhi, mji una maziko ya mtu asiye na mtu, na mshairi anatakiwa kazini. Nikamtajia jina. Alishika fremu ya mlango akakaa chini palepale kizingitini, nami nikakaa kando yake, na wapita njia wakatupita.

Kaburi la Aleid nililifukua siku iliyotangulia, kwa mkono, bila mashine. Jeneza nililishusha nikiwa kijana, na mtu wake nilimtoa nikiwa na mvi. Udongo wetu una maji na hauachi mengi, na niliyoyaona mengine nabaki nayo mimi. Jioni Wietske alinisubiri penye banda la zana. Alikuwa na swali moja tu, na nadhani alikuwa nalo miaka thelathini, maana hawakumruhusu kumwona.

"Walimvalisha nini?"

Kitambaa cha nailoni hakiozi. Ningeweza kumdanganya, lakini huyu si mtu wa kudanganywa. "Gauni," nikasema. "Lenye kola ya lesi."

"Aleid na gauni," alisema. Akaanza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena, na nilimshika mpaka kikaisha.

Asubuhi ile tulikuwa wanne kwenye kamba, Ilham akiwa afisa. Evert tulimpelekea taarifa, hakuja. Wietske alikuja na koti la karakana. Alisimama mbele, kichwani mwa kaburi, akasoma shairi la mia mbili na kumi na tatu. Amenipa ruhusa kuliweka hapa.

*Faili lako ni jembamba. Acha niongeze:*
*ulipenda viazi vya jana, vilivyokaangwa kwa vitunguu,*
*ulipiga mluzi ukijaza upepo matairi ya watu,*
*ulilala upande wa dirisha, ukaniachia ukuta.*
*Siku ya kukuzika nilikaa nyuma, karibu na makoti.*
*Leo nimesimama mbele na hakuna aliyenizuia.*
*Walikuvalisha gauni, Aleid. Nisamehe, sikuwepo.*
*Suruali yako ninayo. Bado naikunja.*

Halafu akachukua kile alichokuwa amekibana kwapani, kitu cha bluu kilichokunjwa vizuri, akapiga magoti na kukishusha mwenyewe.

Ijumaa tarehe 28 kutakuwa na keki na kahawa ofisini kuanzia saa tisa. Wietske ameonya kwamba hotuba ikizidi mistari minane atatoka nje. Wote mnakaribishwa, na atakayekuja na maua ayanunue, asiyatoe makaburini. Mwaka jana kwenye sherehe ya mtunza bustani tuliaibika.

Kwa niaba ya idara, ya wachimbaji na ya watu mia mbili na kumi na watatu wasioweza kuja kwenye keki, Wietske, ahsante. Ulitufundisha kusimama dakika chache zaidi baada ya kamba kulegea.

Limebaki jambo moja, na mkuu wa idara akilisoma aendelee tu kusoma. Kaburi la mji hulaza wawili, mmoja chini na mwingine juu, na halifukuliwi hadi yule wa juu atimize miaka ishirini, ambayo ndiyo muda wa makaburi ya mji. Aleid yuko chini. Kwenye ramani, nafasi ya juu, niliandika jina lako kwa penseli. Mkuu aliliona akaniuliza kwa nini penseli na si wino, nikalipitishia wino mbele yake. Tunakutakia maisha mema, Wietske, marefu hadi utuchoshe. Nafasi yako ipo na haendi nayo mtu. Usiharakishe.